Masazo ya Sikukuu: Yatumiwe Vema, Wala Yasilete Maradhi

Kesho yake Krismasi, au siku ya pili ya Idi, ni nyumba chache katika Kenya zisizo na sufuria iliyofunikwa pembeni mwa jiko. Ndani yake mna pilau iliyobaki, au mchuzi wa mbuzi ulioganda mafuta juu, au chapati zilizopangwa moja juu ya nyingine. Hilo si kosa la mpishi. Desturi ya nchi hii, bara na pwani, ni kwamba mgeni asikute chungu kitupu, na mwenye nyumba aliyepika kwa kadiri kamili huona haya hodi moja zaidi inapopigwa mlangoni. Basi hupikwa kwa kuzidi, na kilichozidi husalia.

La kusikitisha ni yale yanayokipata chakula hicho baadaye. Pengine hutupwa, na mwezi wa Januari, wenye karo za shule na mfuko mtupu, humkuta mwenye nyumba akikopa unga dukani. Pengine huliwa siku ya tatu kwa kuonewa huruma, na watu wa nyumbani wakashikwa na tumbo. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, lilikadiria katika taarifa yake ya mwaka 2021 kwamba nyumba za Kenya hutupa chakula kadiri ya kilo 99 kwa kila mtu kwa mwaka. Katika hesabu hiyo mna maganda na mifupa pia. Hata hivyo, yakiondolewa hayo, kinachosalia si haba.

MASAZO SI MAKOMBO

Kiswahili chenyewe kimekwisha kuweka mpaka ulio muhimu kuliko yote katika jambo hili. Masazo ni chakula kilichosalia chunguni, ambacho mkono wa mlaji haujakifikia. Makombo ni kile kilichobaki sahanini baada ya mtu kula: tonge lililovunjwa, mfupa uliotafunwa nusu, wali uliokwisha kuchanganyika na mate. Masazo huweza kuhifadhiwa. Makombo hayahifadhiwi, wala hayarudishwi chunguni, hata yakionekana mazuri namna gani, kwa kuwa vijidudu vya mkononi na kinywani vimekwisha kuingia humo. Mahali watu wanapokula pamoja katika sinia moja, kama ilivyo desturi nzuri ya pwani, yote yaliyobaki siniani ni makombo. Kwa hiyo mpishi mwenye akili hupakua kidogo, kisha huongeza, ili kinachosalia kisalie jikoni na wala si mezani.

Yako na maneno mengine: kiporo, mwiku, bariyo. Yote hutaja chakula cha jioni kilichowekwa ili kiliwe asubuhi. Inafaa kuangaliwa kwamba maneno hayo yote yanahesabu usiku mmoja tu.

SAA YA KWANZA BAADA YA KULA

Mathalani iwe nyumba moja karibu na Machakos. Wana wamerudi kutoka Nairobi na Mombasa, mbuzi amechinjwa, pilau imepikwa katika sufuria kubwa ya kuazima, na kufikia saa nane mchana kila mtu ameshiba. Sufuria ingali na robo yake. Mpishi, ambaye amesimama jikoni tangu alfajiri, huifunika vizuri ili nzi wasiingie, huisogeza kando, kisha huenda kuketi na wageni chini ya mwembe. Saa moja ya usiku sufuria hufunuliwa tena. Juu chakula kimepoa, lakini mkono ukiingizwa katikati unakuta joto kama la mwili wa mtu.

Joto hilo ndilo adui. Vijidudu viletavyo ugonjwa wa tumbo hukua katika chakula chenye joto la kati ya digrii 5 na 60 za sentigredi, na vingi kati yake hupenda hasa joto kama la mwili. Kiko kimoja kinachokaa katika nyama na michuzi mizito, ambacho kikipata joto kinalolipenda huweza kugawanyika mara mbili katika muda wa dakika kama 10. Atakayefanya hesabu ataona kwamba kimoja huwa 64 kwa saa moja, na kwa saa mbili hupita 4,000, na kwa saa tatu hupita 260,000. Sufuria kubwa iliyofunikwa, yenye kuhifadhi joto katikati yake tangu saa nane hadi saa moja usiku, ni shamba la rutuba kwa kijidudu hicho.

Wali una hila yake ya peke yake. Katika mchele mbichi hupatikana mara nyingi kijidudu ambacho wataalamu hukiita Bacillus cereus. Hujifunga katika mbegu ngumu isiyokufa kwa kuchemshwa. Basi wali huiva, na mbegu hubaki hai ndani yake. Wali ukiachwa na uvuguvugu, mbegu huamka, vijidudu huzaana, na baadhi yake hutoa sumu. Sumu hiyo haiondoki kwa moto wa jikoni. Hapa ndipo wapishi wengi wema hudanganyika, wakidhani kwamba wali ukirudishwa jikoni na kutoa mvuke umekuwa salama. Vijidudu vyenyewe vitakufa, lakini sumu waliyokwisha kuitoa hubaki pale pale. Tena haina harufu, wala haibadilishi ladha. Pua ya mpishi, iliyo shahidi mwaminifu kwa samaki na maziwa, haina la kusema juu ya wali.

Kwa sababu hiyo kazi ya kuokoa masazo hufanywa katika saa ya kwanza baada ya kula, wala haingoji jioni. Chakula kisikae nje zaidi ya saa mbili. Na mahali penye joto kali kupita digrii 32, kama Garissa au Lodwar, au Mombasa siku za kaskazi, kisipite saa moja. Wali upoozwe ndani ya saa moja kila mahali. Njia ni nyepesi. Sufuria kubwa igawanywe. Wali utandazwe katika masinia safi, kimo chake kisizidi upana wa vidole viwili, ufunikwe kwa kitambaa chepesi au wavu. Mchuzi utiwe katika sufuria ndogo ndogo, nazo zikalishwe katika karai lenye maji baridi. Mchuzi ukorogwe, na maji yabadilishwe yakipata moto. Katika muda wa nusu saa hivi sufuria ndogo huwa imepoa kuliko ile kubwa itakavyopoa kwa nusu siku. Kazi hii si lazima ifanywe na mama aliyechoka. Vijana waliokula vizuri wana mikono, na karai la maji halihitaji ustadi.

Mwenye friji aingize chakula mara kinapopoa, katika vyombo vifupi vyenye vifuniko, na asivibananishe hata hewa baridi isipite. Wali uliwe ndani ya siku moja. Nyama na mchuzi ndani ya siku mbili au tatu. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, friji isifunguliwe ovyo, na baada ya saa nne hivi chakula hicho kisihesabiwe tena kuwa kiko mahali pa baridi.

ASIYE NA FRIJI

Nyumba nyingi za mashambani, na za mjini pia, hazina friji, na ni kazi bure kuwafundisha watu kana kwamba wanayo. Mwenye nyumba ya namna hiyo ana njia nne.

Ya kwanza, iliyo bora, ni kupika mara mbili. Mchele wa wageni wa jioni ubaki mkavu ndani ya mfuko hadi jioni. Mchele mkavu hauharibiki, na kuchambua kilo mbili zaidi kwa saa kumi ni afadhali kuliko kumwaga kilo mbili kesho. Ya pili ni kuuweka mchuzi juu ya makaa, ukitoa mvuke wakati wote bila kukoma, mpaka uliwe jioni ile ile. Mchuzi wa namna hiyo uko juu ya digrii 60, na vijidudu havipati nafasi. Ya tatu ni kugawa mapema, kingali chakula cha heshima. Sahani ya pilau inayofika kwa jirani saa tisa mchana ni zawadi. Ikifika kesho yake ni mzigo. Waislamu wameliweka jambo hili katika desturi, kwani nyama ya Idi-ul-Hajj hugawanywa mafungu matatu, moja la nyumbani, moja la jamaa na majirani, na moja la maskini. Nayo hugawanywa mbichi, siku ile ile. Njia ya nne ni kuomba nafasi katika friji ya jirani, jambo ambalo watu huona haya kuliomba bila sababu.

Liko na lile banda dogo la makaa yanayotiwa maji, ambalo wakulima wengi hulitengeneza kuhifadhia mboga. Mahali pakavu, kama Ukambani au kaskazini ya nchi, hufanya kazi vizuri, kwa sababu maji yanapokauka huchukua joto. Pwani, penye hewa ya unyevu, nguvu yake ni ndogo. Lakini hata mahali pakavu baridi yake haifiki baridi ya friji. Nyanya, sukuma wiki na maembe yawekwe humo. Pilau na nyama iliyopikwa, hapana.

Wazee watasema kwamba wao walikula kiporo miaka yao yote wala hawakudhurika. Maneno yao yana ukweli. Kiporo chao mara nyingi kilikuwa ugali mgumu au viazi vitamu au muhogo, vyakula visivyo na mchuzi wala nyama, vilivyopikwa katika chungu kidogo, vikapoa upesi katika usiku wa baridi wa milimani, vikaliwa alfajiri. Sufuria ya aluminiamu yenye pilau ya watu 40 ni kitu kingine kabisa. Tena si kweli kwamba hakuna aliyedhurika. Mara nyingi karamu ilipofuatwa na kuhara na kutapika, lawama ilitupiwa mtu, ikasemwa kwamba jirani fulani ana jicho baya, au mke wa ndugu ametia kitu. Jamaa wamegombana, hata wakaacha kusalimiana, kwa ajili ya wali uliokaa na uvuguvugu tangu mchana. Ugonjwa wa wali mara nyingi huanza kwa kutapika baada ya saa 1 hadi 6. Ule wa nyama huja kwa msokoto wa tumbo na kuhara baada ya saa 6 hadi 24. Saa hizo zikihesabiwa vizuri, mara nyingi hurudi moja kwa moja kwenye sufuria ile, wala hazipiti kwa jirani.

Aliyeshikwa apewe maji ya chumvi na sukari: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko. Anywe kidogo kidogo. Mtoto mdogo, mjamzito, mzee, na yeyote anayehara damu, au asiyeweza kuzuia hata maji tumboni, apelekwe zahanati bila kungoja.

MAPISHI YA SIKU YA PILI

Sharti moja latangulia mapishi yote: masazo hupashwa moto mara moja tu, na hupashwa hasa, mpaka katikati yake patoe mvuke na mchuzi utokote. Kipimo cha wataalamu ni digrii 74. Kwa hiyo itolewe kadiri itakayoliwa, na iliyobaki iachwe penye baridi. Uvuguvugu wa kumridhisha mtoto anayelia njaa hautoshi.

Nyama iliyobaki ndiyo yenye faida kubwa kuliko vyote, na chakula kinachoipa heshima mpya ni katlesi za pwani. Robo kilo ya nyama iliyopikwa itolewe mifupa na kukatwakatwa mpaka iwe laini. Nusu kilo ya viazi ichemshwe na kupondwa bila kutiwa maji, kwani viazi vyenye maji hufumuka mafutani. Kitunguu kimoja kilichokatwa vidogo kikaangwe, kitiwe kitunguu saumu, pilipili manga na chumvi; nyama iingizwe hapo motoni na kugeuzwa mpaka ipate moto barabara, kisha ikamuliwe limau na kunyunyiziwa majani ya dhania. Kiazi kilichopondwa kitandazwe kiganjani, nyama iwekwe katikati, kifungwe na kufanywa bapa. Kila kimoja kichovywe katika yai lililopigwa, kikaangwe katika mafuta yenye moto hadi rangi iwe ya dhahabu. Zitapatikana kumi hivi, nazo robo ile ya nyama, ambayo sahanini isingemtosha zaidi ya mtu mmoja au wawili, italisha watu watano kwa chai. Mkate mkavu uliobaki usitupwe: ukisuguliwa uwe chenga, katlesi ikaviringishwa humo baada ya yai, ganda lake huwa kavu na tamu zaidi.

Nyama choma iliyopoa huwa ngumu kama kiatu, na kuichoma tena ni kuiua mara ya pili. Hiyo huirudia hali njema kwa maji. Ikatwe vipande vidogo, ikaangwe na kitunguu na nyanya nyingi, itiwe kikombe kimoja cha maji, ifunikwe na kutokota polepole kwa robo saa. Mifupa mikubwa iliyobaki jikoni, isiyotafunwa na mtu, ichemshwe kwa saa mbili pamoja na tangawizi, kitunguu na mbilimbi au ndimu, iwe supu. Supu hiyo ndiyo itakayopikia githeri ya jioni. Na githeri iliyopikwa kwa supu ya mifupa watoto huimaliza bila kufuatwa.

Githeri yenyewe ikibaki, ikaangwe na kitunguu, karoti na viazi. Mukimo uliobaki ufanywe vidonge bapa na kukaangwa katika mafuta machache, upande mmoja kisha wa pili, mpaka uwe na ukoko. Maharage mazito hupondwa na kutiwa ndani ya chapati iliyopashwa.

Chapati hazina taabu. Zikipoa na kufungwa katika kitambaa safi hukaa hadi asubuhi bila shida. Zikikauka, zinyunyiziwe maji kidogo na kupashwa juu ya kikaango kilichofunikwa. Zikiwa nyingi, zikatwe mikanda myembamba kama kidole. Kabichi, kitunguu na nyanya zikaangwe, mayai mawili yavunjwe humo, na mikanda iingizwe mwisho na kugeuzwa upesi, isije ikalowa. Ugali uliobaki, kwa watu wa nchi za baridi, hukatwa vipande vya unene wa kidole na kuchomwa juu ya makaa, uliwe na chai alfajiri. Pwani usiachwe usiku kucha, maana joto la huko huuchachusha.

Na pilau je? Iliyohifadhiwa penye baridi itiwe katika sufuria pana, inyunyiziwe vijiko vichache vya maji, ifunikwe barabara na kuwekewa moto wa wastani, igeuzwe mara mbili mpaka mvuke upande kila mahali. Kachumbari itengenezwe upya. Ile ya jana, iliyokaa mezani na mikono ya watu, ni makombo. Wali wa nazi na mchuzi wa tui havina maisha marefu, kwani tui huchacha upesi. Hivyo viliwe au vigawiwe siku ile ile. Ukoko wa pilau, ambao watu wa bara huukwangua na kuutupa, pwani hugombaniwa na watoto, nao ndio wenye haki.

Chochote chenye ukungu kitupwe chote, wala kisikwanguliwe. Wala asipewe kuku au ng'ombe kwa kudhani kwamba mnyama hadhuriki, maana sumu ya kuvu ya mahindi hupita hata katika maziwa. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, sumu hiyo iliwashika watu 317, na 125 wakafa. Yale yalikuwa mahindi ya ghalani yaliyowekwa yangali na unyevu, wala si masazo ya karamu. Lakini kuvu ni kuvu, na jiko haliiondoi sumu yake.

NYAMA MBICHI, NA CHAKULA CHA SAFARI

Mara nyingi kinachozidi si nyama iliyopikwa bali mbichi, hasa palipochinjwa ng'ombe. Hapa Wasomali na Waborana wa kaskazini wana elimu inayostahili kuigwa na nchi nzima. Nyama hukatwa mikanda mirefu na kuanikwa ikauke. Kisha hukatwa vipande vidogo kama punje kubwa za mahindi na kukaangwa katika mafuta mengi mpaka mlio wa maji uishe kabisa. Huwekwa katika chombo safi na kikavu, ikazamishwa ndani ya samli au mafuta yake. Hiyo ndiyo nyirinyiri, nayo hukaa miezi bila friji, kwa sababu maji yamekwisha kutoka na hewa haiingii. Mwenye kuitengeneza aangalie mambo mawili: nyama iwe mbichi ya siku ile ile, wala isiwe masazo yaliyopikwa, na kijiko cha kuchotea kiwe kikavu kila mara.

Mwisho wa sikukuu wageni hufunga mizigo, na hakuna mama anayependa mwanawe aondoke mikono mitupu. Hapo pilau hushindiliwa ingali moto ndani ya kopo, kifuniko kikakazwa, kopo likaingia chini ya kiti cha basi, na safari ya Machakos hadi Kisumu, au Mombasa hadi Busia, ikachukua mchana kutwa au usiku kucha. Kopo lile hukaa na joto la mwili njia nzima. Afadhali msafiri afungiwe chapati zilizopoa, viazi vitamu au nduma zilizochemshwa na maganda yake, mayai yaliyochemshwa siku ile yasiyomenywa, njugu, ndizi, na chupa ya maji safi. Na kama mama hataki kabisa mwanawe aikose ladha ya nyumbani, basi amfungie kikopo cha nyirinyiri, na mchele mkavu kilo mbili, akapike mwenyewe afikapo.